Uchambuzi wa kisa: folda ngeni, diski nyekundu na sura nne za utafiti

Mambo ya nyuma

Kisa hiki ni cha familia moja kwenye mji wa mpakani, huku mashariki mwa Uganda. Majina nimeyatoa na vitu vidogo vidogo nimevibadilisha ili wasijulikane, lakini mambo ya kompyuta nimeyaacha vile yalivyokuwa manake hapo ndo penye somo.

Nyumba ina laptopu moja tu, ya mtumba, SSD (diski mpya isiyo na kitu kinachozunguka ndani) ya GB 128. Kwenye skrini inaonyesha kama 119 hivi na watu wengi wakiona hivyo wanafikiri wameibiwa, hapana, kiwandani wanahesabu kwa elfu elfu na Windows inahesabu kwa 1024, basi. Betri yake ilishakufa zamani kwa hiyo inafanya kazi ikiwa kwenye umeme tu, hilo likumbuke litarudi. Watumiaji ni watatu. Mama anaandikia hesabu za kikundi chao cha akiba na ndo anahifadhia picha za familia, dada mkubwa yuko chuo Kampala mwaka wa mwisho na hana kompyuta yake kwa hiyo utafiti wake anauandikia nyumbani kila akija, halafu kuna kijana aliyemaliza S.4, yaani kidato cha nne, yuko kwenye ile likizo ndefu. Mama alikuwa na akaunti yake na dada ana yake. Kijana anatumia ya Mama, paswadi anaijua, na hiyo akaunti ndo ya msimamizi.

Windows 10 iliacha kupewa sasisho za bure za kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mama alisikia redioni, akaogopa, akampelekea fundi mjini amwekee Windows 11. Fundi aliweka Windows mpya juu ya ile ya zamani bila kufomati. Si kosa hilo, ukifanya hivyo Windows inachukua kila kitu cha zamani inakirundika kwenye folda moja inaitwa Windows.old. Fundi akaingia humo akatoa Desktop na Documents za Mama akazirudisha mahali pake. Folda ya picha hakuigusa. Akaunti ya dada hakujua hata kama ipo, na hakuna aliyemwambia. Mama alipoenda kuchukua aliuliza kila kitu kipo? Fundi akajibu kila kitu kipo. Na kweli kilikuwepo.

Kilichotokea, siku kwa siku

Siku mbili tatu za kwanza laptopu ilienda vizuri. Kisha ule mstari wa diski C ukawa mwekundu, imebaki chini ya GB 4, Windows ikaanza kulalamika nafasi hakuna. Kijana akaamua kusafisha. Akaenda kwenye menyu ya View ya dirisha la faili akawasha kuonyesha vitu vilivyofichwa, halafu kwa kufuata video moja akatoa hata ile alama ya kuficha faili za mfumo zinazolindwa, Windows ikamwonya, akabonyeza ndiyo.

Sasa fikiria mtoto wa miaka kumi na sita anafungua C aliyoizoea yenye folda nne tano, anakuta $Recycle.Bin, $WinREAgent, System Volume Information, PerfLogs, ProgramData, Recovery, inetpub, Windows.old, na moja inaitwa Documents and Settings ambayo ukiibonyeza inakukatalia, huna ruhusa. Kwenye kompyuta ya mama yake mwenyewe! Baadaye aliniambia, "Kaka, nilijua kuna mtu ameingia, na Mama anaweka hesabu za watu humo." Mimi naomba msomaji asimcheke huyu mtoto. Alikuwa analinda pesa za kina mama ishirini na kitu wa kikundi, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia kompyuta ina vyumba vya ndani ambavyo mgeni haingii.

Akaanza kufuta. PerfLogs ikaenda. $WinREAgent ikaenda. inetpub ikaenda, na hii ndo ilimtia hofu zaidi manake alitafuta jina akakuta ni mambo ya seva ya wavuti, akasema ahaa, kumbe kompyuta yetu wameigeuza seva. Windows.old ilikataa kwanza, ikasema inahitaji ruhusa, lakini ile video ilikuwa na dawa yake: unafungua dirisha jeusi la amri kama msimamizi, unaandika takeown kujipa umiliki na icacls kujipa ruhusa, halafu hakuna kinachokukatalia tena. Ilikuwa na GB 40 na zaidi. Windows ikamwambia hii ni kubwa mno haitoshi kwenye pipa la taka, itafutwa moja kwa moja, akakubali. Ule mstari ukarudi kuwa wa bluu, akafurahi.

Kwa hiyo akaendelea. Ndani ya Windows akakuta folda ya Installer imejaa faili zenye majina ya tarakimu na herufi zisizosomeka, akaitoa kwa njia ileile. Halafu akafika WinSxS, inaonyesha GB 11, akaanza takeown, na wakati amri bado inapita faili moja moja umeme ukakatika mtaa mzima. Laptopu ikazima papo hapo. Ule umeme kukatika ndo bahati kubwa kuliko zote kwenye kisa hiki.

Jumamosi dada akashuka kwenye basi kutoka Kampala, akawasha ili amalizie sura ya nne, akakuta hakuna akaunti yake. Akamuuliza mdogo wake. Nyumba ikawaka moto.

Niliitwa: maamuzi na sababu zake

Simu ilikuja kama saa tatu usiku, Mama analia, "banange mwanangu njoo, kazi ya mtoto imepotea." Neno langu la kwanza lilikuwa zimeni, msiguse kitu, msipakue programu yoyote ya kurudisha faili. Sababu ni kwamba faili ikifutwa haiondoki pale pale, Windows inafuta kwanza ile anwani yake tu, na kila kitu kipya unachoandika kwenye diski kinaweza kukalia mahali pake. Nikaja kujua kijana alikuwa ameshaweka programu mbili za namna hiyo, zote kwenye C hiyohiyo.

Lakini nikiwa kwenye boda naenda nilijua tayari tumaini ni dogo, na sababu ni SSD. Diski ya zamani ya kuzunguka inaacha data imelala pale mpaka ikaliwe na nyingine, ndo maana watu wanarudisha mambo hata baada ya miezi. SSD haiwezi kuandika juu ya kitu, lazima ifute sehemu ile kwanza, kwa hiyo Windows tangu toleo la 7 ikifuta faili inaiambia SSD papo hapo kwamba sehemu hizi hazina kazi tena, hiyo inaitwa TRIM. SSD ikishapata habari hiyo ukiisoma sehemu ile mara nyingi inakupa sifuri tupu, hata kama yenyewe haijaisafisha bado kwa ndani. Siku nne zilikuwa zimepita.

Bado nilijaribu, manake kumwambia mtu hapana bila kujaribu ni ukatili. Uamuzi wangu ulikuwa nisiwashe Windows kabisa, nikawasha Linux, mfumo mwingine unaokaa mahali pa Windows, kutoka kwenye flashi yangu, nikahakikisha diski haijafungwa kwa BitLocker, lile kufuli la siri la Windows, nikatumia PhotoRec, programu ya bure inayotafuta faili kwa kufuata alama za mwanzo wa kila aina, kwenye nafasi iliyo wazi peke yake. Ilikwenda saa moja na kitu. Ikarudisha vipicha vya ikoni na vipande visivyofunguka. Hati ya Word hata moja hamna.

Wakati inaendelea nilimwomba Mama flashi yoyote tupu, nilitaka kunakili hesabu za kikundi kabla ya mambo mengine. Akaleta kopo la biskuti lina flashi mbili. Dada akasema hiyo nyekundu ilikufa Septemba, niliichomeka kwenye duka la kuprint karibu na chuo ikarudi na vishotikati tupu (zile ikoni za njia ya mkato), folda zangu zote zimegeuka vishotikati, nikiibonyeza haifunguki. Nikaichomeka kwenye Linux. Ikatokea folda moja haina jina kabisa, nafasi tupu, na ndani yake sura ya kwanza, ya pili, ya tatu, dodoso, kila kitu, tarehe ya Septemba.

Nyumba ilinyamaza, kisha dada akaanza kucheka na kulia pamoja.

Ile ilikuwa vairasi ya vishotikati ambayo kwenye maduka ya kuprint na fotokopi haijawahi kwisha. Haifuti kazi yako. Inazipa folda zako alama ya kufichwa na alama ya mfumo, nyingine inazisukuma zote ndani ya folda isiyo na jina, halafu inakutengenezea vishotikati vyenye majina yaleyale, ukibonyeza inaendesha skripti yake kwanza. Windows kwa kawaida inatii zile alama kwa hiyo huoni kitu. Linux haizijali, ndo maana niliona. Kwenye Windows ungezitoa kwa attrib -h -s -r /s /d ukitaja herufi ya flashi, halafu ufute vishotikati na ile skripti, mara nyingi inaishia na .vbs au .js.

Nikanakili sura za dada kwenda diski yangu, hati tu, bila kishotikati hata kimoja.

Zile folda zilikuwa nini hasa

Kesho yake nilikaa na kijana tukazipitia moja moja, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo penye hofu ya watu wengi.

Documents and Settings iliyomkatalia si folda. Ni kibao cha njia, kinaelekeza kwenye Users, kipo tangu Windows Vista ili programu za enzi za XP zisipotee, na kinakataa kufunguliwa kwa makusudi. System Volume Information inatunza zile pointi za kurudisha mfumo nyuma. PerfLogs ni ya ripoti za utendaji, mara nyingi ni tupu, ukiifuta hamna neno. $WinREAgent inatokea wakati wa sasisho na huwa inaondoka yenyewe.

inetpub ni kisa chake. Ni kweli jina ni la IIS, seva ya wavuti ya Microsoft, lakini sasisho la usalama la Aprili 2025 liliiweka hata kwenye kompyuta za nyumbani zisizo na seva yoyote. Ikaonekana tupu na watu dunia nzima wakaanza kuifuta, Microsoft ikabidi waseme iacheni, ni sehemu ya kuziba tundu la usalama lenye namba CVE-2025-21204. Kwa hiyo kijana alifuta kufuli akidhani ni mwizi. Kuirudisha unaenda kwenye orodha ya kuwasha na kuzima vipengele vya Windows, unawasha Internet Information Services, folda inarudi na ulinzi wake, kisha unaweza kuizima ile huduma.

WinSxS inaonekana kubwa kuliko ilivyo. Faili nyingi zilizomo ni zilezile zilizoko System32 na kwingineko, faili moja yenye majina mawili, na kile kidirisha cha Properties kinaihesabu mara mbili. Ukitaka kuipunguza ipo amri yake, DISM na StartComponentCleanup, kwa mkono haiguswi, ukiifuta kompyuta inaweza isiwake kabisa.

Na Windows\Installer, hii ndo ilikuwa sumu ya kimya. Zile faili zenye majina ya ajabu ni nakala za visakinishi vya programu ulizoweka, programu ikitaka kujirekebisha, kupata sasisho au kutolewa inazitafuta humo. Ukizifuta leo huoni kitu, kila kitu kinafunguka. Ya Mama ilionekana jioni ileile nilipojaribu kutengeneza Office yake ya zamani, ikawa inaomba faili ya .msi ambayo haipo. Kukopi kutoka kompyuta nyingine hakusaidii, majina yanatolewa upya kila mashine.

Mwisho wake ulikuwaje

Niliamua kutorekebisha kipande kipande. Windows ilikuwa na Installer imefutwa, ruhusa za WinSxS zimevurugwa nusu, inetpub hamna, na sikuwa tayari kumrudishia Mama kitu ambacho kingemlipukia baada ya miezi mitatu. Nikahifadhi faili zilizobaki, tukaweka Windows upya kwa kufomati, sasisho zote, kisha skani ya Defender, kinga ya vairasi ya Windows yenyewe, ile ya nje ya Windows inayowasha kompyuta upya kabla ya kukagua. Safi. Flashi nyekundu tuliifomati.

Nafasi ingerudi bila vita: kwenye Settings, System, Storage, Temporary files, ile Windows ya zamani ingefutwa kwa alama moja tu, na hata kama usipofanya chochote, kwa kawaida inajifuta yenyewe siku 10 baada ya kupandisha toleo. Nikazima na hiberneti, ile ya kuhifadhi kazi iliyo wazi kwenye diski kabla kompyuta haijazima, kwa powercfg /h off manake kwenye RAM ya GB 8 ile faili inakula kama GB 3, na laptopu isiyo na betri haina kazi nayo.

Dada alipata sura tatu za Septemba. Masahihisho aliyoyafanya Oktoba na sura ya nne yote vilikwenda. Dodoso za karatasi zilikuwa bado kwenye begi lake kwa hiyo aliingiza majibu upya, wiki mbili usiku na mchana, akawasilisha kwa kuchelewa. Picha za Mama, zikiwemo za matanga ya bibi, hazikurudi. Ndugu walitafuta kwenye simu zao wakatuma kwa WhatsApp chache walizokuwa nazo, zimefifia kidogo kwa sababu WhatsApp inazibana.

Uchambuzi: nini kilisaidia na nini kiliharibu

Kijana aliuliza swali moja tu, je hii naijua? Jina geni likawa ushahidi wa kutosha. Angebonyeza Properties angeona tarehe ya kuzaliwa ya baadhi ya folda zile ni siku ileile laptopu ilipokuwa kwa fundi. Angeangalia mmiliki kwenye Security angeona TrustedInstaller au SYSTEM, yaani Windows yenyewe. Mmiliki peke yake hatoshi kukuhakikishia, kirusi chenye nguvu kinaweza kuvaa nguo hizo, lakini tarehe pamoja na mmiliki pamoja na mahali vinakupa picha. Na mahali ni muhimu sana: vairasi ya kawaida haipendi kukaa wazi kwenye mlango wa C na jina la ajabu, inapenda AppData, Temp, folda ya Startup, sehemu ambazo mtumiaji wa kawaida anaweza kuandika bila kuombwa ruhusa. Kwenye kisa hiki folda zenye sura ya kutisha zote hazikuwa na hatia, na mwizi wa kweli alikuwa kwenye flashi amevaa majina ya dada mwenyewe, Sura ya 1, Sura ya 2.

Pili ni ile takeown. Windows ilikataa mara tatu, na kila kukataa kulikuwa ni fursa ya kusimama. Video ilimfundisha kuvunja kizuizi bila kumwambia kimewekwa kwa nini. Mimi naona hapo ndo pa kuwashika watoto wetu mapema, tusiwakataze kufungua, wafungue waangalie, lakini wakikataliwa na mfumo wenyewe waje waulize mtu kwanza. Na akaunti ya kila siku isiwe ya msimamizi. Sasa kijana ana yake ya kawaida, paswadi ya msimamizi iko kwa Mama kwenye daftari.

Kilichosaidia ni kuzima mapema na kutumia Linux badala ya Windows, ingawa kusema kweli Linux ilitupa flashi, SSD ilikuwa imeshamaliza. Kosa langu ni kwamba sikuuliza kuhusu nakala kabla ya kuanza kazi. Ningeuliza mko na flashi yoyote, simu, imeili, chochote, ningepata zile sura ndani ya dakika tano, na dada asingelala usiku ule anahesabu sura nne zote zimekufa. Swali la nakala liwe la kwanza. Mimi nililifikia kwa bahati ya kopo la biskuti.

Fundi nilienda kumwona, kwa heshima, bila kumlaumu mbele ya wateja. Kazi yake ilikuwa sahihi na neno lake lilikuwa kweli, tatizo ni kwamba mteja aliposikia kila kitu kipo alielewa kila kitu kipo mahali pake, na yeye alimaanisha kipo ndani ya folda ambayo ina siku 10 za kuishi. Tulikubaliana awe anauliza akaunti ziko ngapi kabla ya kuanza, na awe anaandika kwenye karatasi ya risiti: vya zamani viko Windows.old, vitafutika baada ya tarehe fulani.

Mama naye, nilipomrudishia laptopu, hakuniuliza kama kila kitu kipo. Aliuliza kipo wapi. Tukakaa naye mezani kama saa moja tunafungua folda moja moja, hesabu za kikundi, barua, kisha folda ya picha yenye zile chache za WhatsApp, na hapo akakaa muda mrefu.